Ngozi Chini ya Kisigino

Watu wote waliokuwepo asubuhi ile walidhani Mwalimu wa dansi ameteleza. Sakafu ya mbao ilikuwa imepigwa nta siku mbili kabla, viatu vilikuwa vipya, na wazazi walikuwa wamejazana ukutani mpaka mlangoni, hivyo mtu kuteleza isingekuwa ajabu. Akina mama wawili waliguna kwa huruma. Mwanafunzi mmoja alicheka, kisha akajiziba mdomo. Lakini mwalimu mwenyewe, Tiara, akiwa amekaa chini katikati ya sakafu huku wimbo ukiendelea kumpita, alijua kwamba hakuteleza hata kidogo. Alipogeuka kwa mguu wa kulia, maumivu yalimpanda kutoka kwenye nyonga hadi kwenye mbavu, goti likalegea, na yeye akashuka nalo.

Mama yake, ambaye kwa miaka ishirini alikuwa akikaa kwenye kona ileile kando ya mashine ya muziki, aliuzima wimbo.

"Tulieni jamani, hajavunjika," alisema. "Mpisheni apumue."

Tiara aliinua macho kumtafuta Fundi. Ilikuwa desturi yake sasa. Popote penye watu wengi, macho yake yalimtafuta mtu huyo mmoja. Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki, na hawa wawili walikuwa wamekohoa mbele ya jengo zima kwa miaka miwili. Alimkuta amesimama kwenye mlango wa duka jipya la viatu, lililofunguliwa siku hiyo kando ya ukumbi. Nyuso zote mle ndani zilikuwa zimeshtuka. Uso wa Fundi ulikuwa na huzuni tu, ya mtu aliyekuwa akisubiri habari mbaya na sasa imefika. Na mkononi tayari alikuwa ameshika viatu vya zamani vya Tiara.

Alikuja akapiga magoti. "Vaa hivi," alinong'ona. "Hivyo vipya vivue, Tiara. Nakuomba."

Mbele za watu hakuwahi kumwita kwa jina hilo, alimwita Mwalimu kama wengine. Tiara alivaa kwa sababu watu walikuwa wanatazama. Aliposimama, maumivu yalipungua kama mfereji uliofungwa. Alitabasamu, akawageukia wazazi.

"Mmeona sakafu yetu inavyong'aa? Sasa mnajua kwa nini nawaambia watoto wasicheze na soksi. Karibuni dukani."

Watu wakacheka, wakaingia dukani. Lakini ule uso wa Fundi ulibaki umemkwama Tiara kifuani, na kila alipomrudishia mzazi chenji alikuwa akiuona tena.

Duka lenyewe lilikuwa wazo lao wawili. Studio ilikuwa ghorofa ya pili, juu ya ghala la magodoro, na Tiara alizoea kuwatania wanafunzi kwamba wakianguka vizuri watafikia kwa jirani. Kwa miaka yote wazazi walihangaika mji mzima kutafuta viatu vya dansi, na wakirudi wameleta vya mpira vinavyokwamisha mguu, au vya ngozi vyenye soli nene kama tofali. Fundi, ambaye alishona viatu chini ya ngazi za jengo hilohilo, ndiye aliyevirekebisha. Siku moja alisema, "Kwa nini tusiuze vinavyofaa tangu mwanzo?" Wakakitoa kile chumba cha kubadilishia nguo kilichokuwa kikubwa kupita haja, wakapiga ukuta wa mbao katikati, wakakata dirisha la kuuzia. Fundi alitengeneza rafu kwa mikono yake. Wakapanga viatu laini vya ngozi kwa saizi, soksi, suruali za kubana, vibanio vya nywele na chupa za maji, na pembeni wakaweka kigoda cha kupimia miguu. Jumapili iliyofuata, duka likishafunguliwa, Fundi angekuja na baba yake mdogo kuzungumza na Mama.

Mama hakulipinga duka. "Sina neno na duka," alisema, "neno langu ni huyo fundi. Mtu kutwa kucha kainamia miguu ya watu. Siku akiinua kichwa, atakuona wewe?"

"Mama, ananiona."

"Haya. Mimi nimesema."

Asubuhi ile, kabla ya onyesho, Fundi alikuwa amemwomba Tiara avae viatu vyake vya zamani. Kila kiatu kipya alichonunua Tiara kilipita kwanza kwa Fundi, kikakaa siku mbili, eti kulainishwa. Safari hii Tiara alikataa. Mwenye duka la viatu avae viraka mbele ya wateja? Fundi alipokuwa akimpima mtoto mguu, Tiara alichomoa jozi kwenye rafu, akavaa, akaingia uwanjani.

Saa tisa alasiri mteja wa mwisho aliondoka na Mama akamsindikiza mpaka chini. Tiara alilifunga dirisha la kuuzia, akaketi kwenye kigoda. Fundi alikuwa anakusanya maboksi matupu, na alikuwa anayakusanya polepole mno.

"Fundi."

"Naam."

"Acha maboksi. Geuka uniangalie."

Akageuka.

"Asubuhi nilikwambia viatu vyangu vya zamani vitupwe. Vilikuwa wapi?"

"Kwenye begi langu."

"Kwa nini?"

Fundi alijifuta mikono kwenye suruali, ingawa haikuwa na uchafu. "Nilijua utavihitaji."

"Ulijua nitaanguka?"

"Niliogopa utaanguka."

"Wewe usinichezee maneno. Uliogopa kwa sababu gani?"

Fundi alirudi kwenye maboksi yake. Tiara aliinama akavua kiatu cha kulia, akakigonga juu ya meza ya duka. "Kifungue."

"Tiara, mpenzi..."

"Kifungue, au nakifungua kwa meno."

Fundi alichukua kisu chake kidogo cha kukatia ngozi.  Akainua soli ya ndani upande wa kisigino. Chini yake palikuwa na kipande cha ngozi cha kahawia, kimekatwa vizuri kufuata umbo la kisigino. Akakitoa, na chini yake pakawa na kingine, kisha kingine. Jumla vilikuwa vinne. Alivipanga juu ya meza kimoja baada ya kingine, halafu akakiweka kisu.

"Na cha kushoto?"

"Cha kushoto hakina kitu."

Tiara alikichukua kipande cha mwisho kutolewa, kile cha chini kabisa, kilichokuwa chembamba na chenye weusi wa jasho. "Hiki cha lini?"

"Miaka mitatu sasa. Uliniletea hivi viatu vyekundu nikubadilishie soli. Cha kulia kilikuwa kimekwisha mbele mpaka uzi unaonekana, na kisigino chake bado kipya. Mtu anayekanyaga sawasawa hamalizi kiatu hivyo. Nikajua huo mguu umekuwa mfupi, unajinyanyua kwa vidole kutafuta ardhi. Basi nikakata ngozi kidogo, nikaweka."

"Bila kuniambia."

"Nilikuwa fundi wa chini ya ngazi, hatujazoeana. Nikuanzie wapi? 'Habari za asubuhi Mwalimu, mguu wako mmoja mfupi'?"

Siku nyingine Tiara angecheka mpaka machozi. Leo alimkazia macho tu.

"Kesho yake ulishuka ngazi mbio," Fundi aliendelea, sauti ikiwa chini. "Ukasema, 'Fundi, umevitia dawa gani hivi viatu? Maumivu yote yamekwisha!' Ukakaa pale kwenye benchi langu, ukanywa chai yangu. Miaka yote mitatu ya nyuma ulikuwa unanipita kwa salamu. Siku ile ndiyo ulikaa. Sikuwa na nguvu ya kukwambia kwamba si dawa."

"Baadaye je? Tulipokuwa tunakula sahani moja? Ulipokuwa unaniambia hakuna siri kati yetu? Miaka miwili, Fundi!"

"Baadaye niliogopa zaidi. Kila kipande nilijiambia ndicho cha mwisho. Ulikuwa unacheza kwa raha, na mimi nikasema, kama ngozi tu inatosha kumpa raha hii, nimnyang'anye kwa nini?"

Tiara alisimama, na kwa kuwa mguu mmoja ulikuwa na kiatu na mwingine hauna, akalazimika kushika meza. Fundi alinyoosha mkono. Tiara akausukuma.

"Sikiliza nikwambie kitu ambacho hukijui. Wiki ile uliponirudishia viatu vyekundu nilikuwa na miadi hospitali. Daktari alikuwa amenishika nyonga, akasema hapendi anachokisikia, niende nikapigwe picha Alhamisi. Jumatano nikavaa viatu vyako. Alhamisi asubuhi nikaamka sisikii kitu. Nikapiga simu, nikaifuta ile miadi, nikaenda kufundisha."

Fundi alikaa juu ya boksi. Boksi lilikuwa tupu, likabonyea, na yeye hakuonekana kutambua.

"Sikujua," alisema.

"Ungeuliza."

"Sikujua, Tiara. Wallahi sikujua."

"Nakuamini. Ndiyo inayoniuma. Ungekuwa mtu mbaya ningekutukana nikapona."

Mlango ulisukumwa, Mama akaingia na kiti kimoja cha kuazima mkononi. Aliangalia vile vipande vya ngozi, akaangalia kiatu kilichopasuliwa, akaangalia macho ya binti yake yaliyoanza kuvimba. Hakuhitaji kuelezwa mengi, ila Tiara alimweleza, kwa sentensi tatu.

Mama alikiweka kiti chini taratibu. "Kikulacho ki nguoni mwako," alisema. "Nilisema mimi. Nilisema kwenye nyumba hii, nikaonekana mama mwenye roho mbaya."

"Mama, tafadhali."

"Tafadhali nini? Kijana, nakuuliza wewe. Mwaka wa pili huu mwanangu hawezi kuufuata wimbo, mimi nahangaika na kile kitufe mpaka vidole vinaniuma, kumbe wewe unamjengea ghorofa kiatuni?"

Fundi aliinua kichwa. Tiara alikuwa amegeuka kabisa.

"Kitufe gani, Mama?"

 Mama akaanza kutafuta leso kwenye pochi yake.

"Mama. Kitufe gani?"

"Kitufe tu. Cha mashine."

"Cha kasi?" Tiara alisogea. "Watoto walikuwa wanasema nyimbo zina usingizi. Wewe ukasema spika zimezeeka."

"Spika zimezeeka kweli."

"Mama!"

Basi Mama akakaa kwenye kile kiti cha kuazima. Alikuwa mwanamke mnene mwenye maneno mengi, na hakuna aliyezoea kumwona akikosa neno. Alipoongea hakumtazama mtu.

"Nilianza kidogo. Ulikuwa ukifika kwenye mizunguko unachelewa hatua moja, nikarudisha wimbo nyuma kidogo, ukaufikia. Ukanitazama ukatabasamu. Nikaendelea. Baba yako alipoambiwa asicheze tena, unakumbuka alivyokaa? Alikaa kitandani miezi minane, akaugeukia ukuta, akafa. Hakuwa na ugonjwa wa kumuua. Nikasema, huyu aliyebaki sitamwambia mimi. Atakayemwambia ni mwingine."

Hapo ndipo Tiara alipolia. Hakulia kwa maumivu, kwa maana maumivu alikuwa ameyazoea, alilia kwa aibu. Alikumbuka jinsi alivyokuwa akishuka kutoka uwanjani akihema, akijisifu moyoni kwamba akiwa na miaka thelathini na minne bado ni mwepesi, bado ni ileile tiara ya karatasi inayopepea angani, ambayo baba yake aliifananisha naye utotoni.

"Yaani mimi nilidhani ninacheza," alisema. "Kumbe mmoja ananinyanyulia sakafu, mwingine ananipunguzia wimbo, na mimi katikati najipigia makofi. Wahenga wanasema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi hata sikuficha. Nilifichiwa."

"Mwanangu..."

"Hapana, Mama, niache nimalize. Na mimi simo kwenye malaika. Kila asubuhi nikishuka kitandani peku nachechemea mpaka bafuni. Najiambia ni baridi. Hata miezi ya joto najiambia ni baridi."

Akainama, akavua na kile kiatu cha kushoto. Akatoka dukani peku, akaingia kwenye ukumbi, na wao wawili wakamfuata mpaka mlangoni. Ukuta wa mbele ulikuwa wote kioo. Tiara alianza kutembea kuelekea kwenye kioo, bila wimbo, mwendo wa kawaida wa mtu anayekwenda dukani. Aliutazama mwili wake ukizama upande wa kulia kila hatua, bega likishuka, kiuno kikilivuta. Alikuwa amefundisha mamia ya watoto kusimama wima kwenye sakafu hiyo. Mama alijifunika uso kwa leso. Fundi hakujifunika. Alitazama hatua zote, na machozi yalikuwa yanamshuka bila yeye kuyafuta.

Alipofika kwenye kioo Tiara alishika lile bomba la mazoezi lililopigwa kando ya kioo, akageuka.

"Umeona?"

"Nimeona," Fundi alijibu.

"Mfupi kiasi gani?"

"Mwanzoni tofauti ilikuwa unene wa sarafu. Sasa ni kama upana wa kidole."

"Lini iliongezeka sana?"

"Mwaka huu. Baada ya lile onyesho la mwezi wa tatu. Ulirudi, na ndani ya wiki tatu nikaongeza ngozi mara mbili."

Tiara aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu la kwanza la kweli alilowahi kupewa kuhusu mguu wake, na ajabu ni kwamba halikumuumiza kama alivyodhani.

"Aondoke, mwanangu," Mama alisema kutoka nyuma ya leso. "Aondoke, halafu sisi tutazungumza."

"Akiondoka yeye, na wewe utaondoka?"

Mama akaanza kuikunja leso.

Fundi alipiga hatua mbili, akasimama. Alijua hana ruhusa ya kusogea zaidi. "Nitaondoka ukiniambia. Benchi langu nitalirudisha chini ya ngazi, au nitalihamisha jengo. Baba mdogo nitamwambia asije. Ila nataka ujue, sikufanya kwa dharau. Nilikupenda, nikaogopa. Yote mawili ni kweli."

"Najua ulinipenda," Tiara alisema. "Ulinipenda kama unavyopenda kiatu. Ukakiona kimechoka, ukakishughulikia kimyakimya, ukakirudisha kinang'aa. Mimi si kiatu, Fundi. Ningeambiwa, ningelia siku mbili, halafu ningekwenda hospitali."

"Ni kweli," Fundi alisema. Tiara alimpenda kwa hilo, akajikasirikia kwa kumpenda.

"Jumapili baba yako mdogo asije," alisema.

"Sawa."

"Jumatatu naenda kupigwa picha. Utakuja na mimi."

Mama aliishusha leso. "Huyu? Kwa lipi?"

"Kwa sababu daktari ataniuliza ilianza lini, ikaongezeka vipi, na mimi sijui. Mtu pekee anayejua ni yeye. Achukue na hivyo vipande vinne, amwambie kila kimoja cha lini. Na wewe Mama utakuja, umwambie ni mzunguko upi nilianza kuchelewa. Sitaki hata mmoja wenu anipunguzie neno."

"Na wakisema usicheze tena?" Mama aliuliza, na sauti yake ilikuwa ya mtoto.

"Basi watakuwa wameniambia."

 Fundi aliuliza.

"Na baada ya hospitali? Mimi na wewe?"

Tiara alimtazama kwa muda mrefu. Alikuwa anaijua kila alama ya uso ule, na alitamani sana, kuliko alivyotamani kucheza, kwenda kuuweka uso wake pale shingoni kwake na kusahau alasiri yote.

"Sijui," alisema. "Wewe una macho ambayo watu wengine hawana. Nataka kuona kama una mdomo pia. Unachokiona kwangu uniambie palepale, hata kikiniuma, hata nikikufukuza. Ukiweza kuishi hivyo, siku moja nitakwambia umlete baba mdogo. Ukishindwa, tutabaki wa kuuza viatu pamoja, basi."

"Nianze lini?"

"Nitajuaje? Anza."

 Fundi alimwangalia kuanzia kichwani mpaka kwenye nyayo, taratibu, kama alivyozoea kuangalia, lakini safari hii hakuinamisha kichwa.

"Tangu umefika kwenye kioo umeusimamia mguu wa kushoto peke yake," alisema. "Wa kulia haugusi chini. Umeshika hilo bomba mpaka vidole vimekuwa vyeupe. Unaumia sana na unajifanya huumii. Kaa chini, Tiara."

Kwa mazoea, alifungua mdomo kubisha. Akaangalia vidole vyake, akaviona, akakaa.